Ndovu wa Plastiki na Magoti Yake

Katika mitambo yote iliyozaliwa na fikira za watunzi wa hadithi za kubuni za kisayansi, hapana iliyowashughulisha mafundi wa kuunda mifano kuliko ile isiyokwenda kwa magurudumu wala kwa minyororo ya vifaru, bali huinua mguu na kuutua kama mnyama. Mwingereza H. G. Wells alikwisha kuitumia fikira hiyo katika riwaya yake The War of the Worlds, iliyotoka katika kitabu mwaka 1898, ambamo wavamizi kutoka Mirihi waliyazunguka mashamba na miji ya kusini mwa Uingereza wakiwa juu ya mitambo ya miguu mitatu. Na tangu hapo wachoraji na watengenezaji wa filamu hawakuacha kuirudia, kila mmoja kwa namna yake. Walakini ule uliopata sifa kupita yote ni mtambo wa miguu minne ulioonekana Mei 1980 katika The Empire Strikes Back, filamu ya mfululizo wa Star Wars, ambao jina lake ni AT-AT, herufi zenye maana ya chombo cha deraya cha kuchukulia askari katika ardhi ya kila aina. Aliyeiona filamu ile hausahau uwanda wa theluji, na mbali kabisa yale majitu ya kijivu yakija taratibu, bila ya haraka, maadamu hapana wa kuyazuia.

Tangu siku hizo watu wazima wenye akili zao timamu, wahandisi na walimu na makarani, wamekuwa wakikesha wakiuunda mtambo huo kwa matofali ya plastiki ya watoto, na wengi wao hawatosheki mpaka umekuwa mkubwa wa kuijaza meza. Kampuni ya LEGO ya Denmark, iliyoanza kutoa mifano ya Star Wars mwaka 1999, imeutoa mtambo huu mara kadhaa kwa vimo mbalimbali: ule wa mwaka 2003 ulikuwa na vipande 1,068, na ule uliotolewa Novemba 2021, ambao ndio mkubwa, una vipande 6,785, kimo chake sentimita 62 na urefu wake sentimita 69, na tumboni mwake mna nafasi ya askari 40 wa plastiki. Lakini mafundi wenye ghera hawaungoji mfano wa dukani. Hujitungia wao wenyewe tangu unyayo hadi utosi, na hapo ndipo ilipo kazi yenyewe ninayotaka kumweleza msomaji, kazi ambayo kwa nje yaonekana ni mchezo na kwa ndani ni uhandisi mtupu.

Nianze na asili ya umbo, kwa sababu fundi asiyejua umbo hili limetoka wapi hulikosea. Mchoro wa mtambo ulitoka mkononi mwa Joe Johnston, mchoraji wa idara ya hila za filamu iitwayo Industrial Light & Magic; naye alikuwa ameathirika na picha moja ya Syd Mead, msanii wa Kimarekani aliyechora katika miaka ya 1960, kwa ajili ya kampuni ya chuma ya U.S. Steel, gari la mizigo lenye miguu minne likipita katika theluji. Wala fikira hiyo haikuwa ya karatasi tu. Katika miaka hiyo hiyo kampuni ya General Electric, kwa uongozi wa mhandisi Ralph Mosher, ililiundia jeshi la Marekani mtambo wa kweli wa miguu minne, wenye uzani wa zaidi ya kilo 1,000, ambao mtu alikaa ndani yake na kuiongoza miguu yote kwa mikono yake na miguu yake mwenyewe. Ulitembea, na ulisukuma gari, lakini uliyemchosha zaidi ni yule aliyeuendesha, maana kufikiri kwa ajili ya miguu minne ni taabu ambayo mwanadamu hakuumbiwa. Leo umewekwa katika makumbusho ya jeshi huko Fort Eustis, Virginia.

Mtambo wa filamu haukutembea kabisa. Theluji halisi ilipigwa picha Finse, Norway, mwaka 1979, ambako tufani ilikuwa kali hata baadhi ya picha zikapigwa mlangoni pa hoteli. Lakini mitambo yenyewe ilikuwa mifano ya kimo kisichozidi nusu mita, iliyosimama juu ya jukwaa huko California, nyuma yake pazia la mbingu na milima iliyochorwa kwa rangi, na chini yake theluji ya bandia iliyotengenezwa kwa magadi ya kuokea na punje laini mno za kioo. Phil Tippett na Jon Berg pamoja na wenzao walikuwa wakijitokeza kutoka katika vilango vilivyokatwa sakafuni mwa jukwaa lile, wakausogeza mguu mmoja kadiri ya upana wa ukucha, wakajificha tena, picha moja ikapigwa. Na kwa kuwa sekunde moja ya filamu yataka picha 24, msomaji aweza kukadiria subira iliyotumika kwa hatua moja. Ndani ya mwili wa kila mfano mlikuwa na kiunzi cha chuma chenye viungo vilivyochongwa kwa ustadi, ili mguu ukiwekwa mahali ubaki mahali. Naomba msomaji akikumbuke kiunzi hicho, kwa sababu fundi wa matofali hutafuta kitu kile kile, ila yeye hana chuma.

Na ili hatua ipate heshima yake, mafundi wale walimpiga picha ndovu aliyefugwa, wakamtazama anavyotembea. Mtu aliyepata kumwona ndovu akikata barabara kule Mikumi au Tsavo atakubali kwamba walimchagua mwalimu wa haki. Miguu ya ndovu husimama karibu wima chini ya mwili wake kama nguzo chini ya dari, haikukunjwa kama ya paka au ya farasi. Na anapotembea polepole huinua mguu wa nyuma wa upande mmoja, ukafuatia wa mbele wa upande ule ule, kisha upande wa pili, hata mwili wake mzito hauachwi bila ya kuegemea. Hana kuruka. Mnyama mwenye uzani ule akiruka, kutua ndiko kutakakomvunja. Basi umbo la mtambo, ijapokuwa limevikwa deraya na mizinga, ni umbo la ndovu, na anayeunda mfano wake mkubwa hukutana na shida zile zile zilizompa ndovu miguu ya namna ile.

Sasa tuje kwenye tofali. Hati ya kulinda uvumbuzi wake iliombwa huko Denmark tarehe 28 Januari 1958 na Godtfred Kirk Christiansen, ambaye baba yake alikuwa seremala wa mji mdogo wa Billund aliyeanza kutengeneza vitu vya kuchezea mwaka 1932. Matofali ya plastiki yalikuwapo kabla ya hapo, lakini yalikuwa matupu chini na hayakushikana vyema. Kilichozidishwa mwaka huo ni mirija iliyosimama ndani ya tofali, ambayo vinundu vya tofali la chini huingia baina yake na kuta, vikabanwa pande zote. Tangu 1963 plastiki iliyotumika kwa kawaida ni ile iitwayo ABS, ngumu na isiyopindika upesi kama ile ya awali. Kutoka kinundu hadi kinundu ni milimita 8 kamili; kimo cha tofali ni milimita 9.6, bamba jembamba ni theluthi ya hapo, milimita 3.2, na vipimo hivi hutunzwa kwa kosa lisilofika sehemu moja ya mia ya milimita, ndiyo maana tofali la 1958 bado lashikana na lililotoka kiwandani juzi. Tofali la vinundu vinane lina uzani wa gramu mbili na ushei. Hiyo ndiyo mali yote ya fundi: kitu chepesi, sahihi, chenye kushikana kwa nguvu ambayo mtoto aweza kuiachanisha kwa vidole.

Sifa hiyo ya mwisho ndiyo baraka na ndiyo msiba. Mwaka 2012 wahandisi wa chuo cha Open University cha Uingereza waliyakandamiza matofali ya vinundu vinne kwa mashine, moja baada ya moja, wakaona kwamba kwa wastani tofali moja huhimili nyutoni 4,240, yaani mzigo wa kama kilo 432, kabla ya kulegea na kubonyea. Kwa hesabu yao, matofali 375,000 yangeweza kupangwa moja juu ya jingine, mnara wa zaidi ya kilomita tatu na nusu, kabla lile la chini halijashindwa. Kwa hiyo anayedhani kwamba mguu wa mfano wetu utapasuka kwa uzito wa mwili amekosa. Plastiki haiogopi kukandamizwa. Huogopa kuvutwa na kupindwa, kwa sababu huko nguvu yake si nguvu ya plastiki, bali ni kule kushikana kwa vinundu tu, na kushikana huko kumekadiriwa tangu mwanzo kusizidi nguvu za vidole vya mtoto.

Kabla ya kukata shauri lolote fundi hana budi kuchagua kipimo, na kipimo humtoka katika kijitu kidogo cha plastiki kilichoanza kutolewa mwaka 1978, ambacho kimo chake ni kama sentimita 4. Kijitu hicho kikichukuliwa kuwa ni mtu wa kimo cha mita moja na robo tatu, kila kitu huwa kimepunguzwa mara 44 hivi. Vitabu vya Star Wars vya siku hizi huupa mtambo kimo cha mita 22 na nusu. Ukigawanya, wapata mfano wa sentimita 51, uliokwisha kuwa mkubwa, na wengi huuzidisha kidogo ili tumbo lipate askari wa kutosha, kwa kuwa kijitu cha plastiki ni kinene mabega kuliko binadamu na hakikubali kubanwa kitini. Hivyo ndivyo watu wanavyojikuta wamefika sentimita 60 na zaidi bila ya kukusudia makuu.

Na ukubwa una sheria yake, ambayo Galileo aliiandika katika kitabu chake cha 1638: kitu kikizidishwa mara mbili kwa kila upande, uzani wake huzidi mara nane, ilhali unene wa nguzo inayokibeba, ukiukata na kuupima, huzidi mara nne tu. Kweli, mfano wa matofali ni mtupu ndani, na kuta zake haziongezeki unene kwa kuwa mfano umeongezeka kimo, kwa hiyo uzani wake hauzidi mara nane kamili. Mara nyingi huwa baina ya nne na nane. Lakini fundi wa matofali ana dhiki moja ambayo Galileo hakuhitaji kuitaja. Mjenzi wa daraja akitaka daraja kubwa zaidi huagiza misumari minene zaidi. Yeye hana pa kuagiza. Pini inayounganisha paja na goti ina unene wa milimita 4.8 katika mfano wa kiganja, na ina unene ule ule wa milimita 4.8 katika mfano unaojaza meza. Mwili hukua, tundu halikui. Hapo ndipo mifano mingi mikubwa iliyoanzwa kwa shangwe huishia, imelala ubavu, mwili mzima na miguu imetawanyika.

Goti la mfano mkubwa yafaa litazamwe kwa karibu. Tuseme mwili na kichwa vina kilo 8. Kila mguu umebeba 2. Mguu ukisimama wima kabisa, uzani hushuka moja kwa moja kupitia matofali hadi unyayoni, na goti halina kazi. Lakini mtambo uliosimama wima kwa miguu yote minne ni kama meza, hauna uhai. Uzuri wake ni kuonekana katikati ya hatua, mguu mmoja mbele, goti limekunjwa kidogo. Goti likisogea sentimita 5 mbele ya mstari wa uzani, kilo zile 2 hupata mkono wa wenzo unaotaka kulikunja zaidi; likisogea 10, nguvu ya kulikunja huwa mara mbili, na kilo hazikuongezeka hata moja. Pini nyeusi za kawaida zina mbavu ndogo pembeni ili zikaze ndani ya tundu, tofauti na zile za kijivu ambazo ni laini na huzunguka upesi. Kwa mfano mdogo mbavu hizo zatosha kulizuia goti. Kwa kilo 2 hazitoshi. Goti hushuka, si kwa kishindo, bali nywele kwa nywele, na fundi aliyelala akiwa na mtambo wenye fahari huamka akaukuta umepiga magoti kama ngamia anayeshushwa mzigo.

Dawa zilizopatikana ni mbili tatu. Ya kwanza ni kuziongeza pini ubavu kwa ubavu, nne au sita katika kiungo kimoja, ili kila moja ibebe sehemu yake. Ya pili, ambayo kwa rai yangu ndiyo bora, ni kutoitegemea misuguano hata kidogo, bali kuweka ndani ya goti gia iliyoshikwa na parafujo. Kipande hicho kina umbo la msumari wa parafujo. Kikizungushwa mara moja husogeza jino moja tu la gia, kwa hiyo gia ya meno 24 itataka mizunguko 24 ili izunguke mara moja, na jambo la muhimu ni kwamba gia haiwezi kuirudisha parafujo nyuma, hata ikisukumwa vipi. Mwili waweza kukandamiza utakavyo, goti halisogei mpaka mwenyewe aingize fimbo na kulizungusha. Ya tatu ni pembetatu. Mraba wa mapau manne husukumwa ukawa mshazari kwa kidole kimoja, pembetatu haisukumiki. Na kwa kuwa matundu ya mapau yamepangwa kwa milimita 8, hesabu ya kale ya tatu, nne na tano hukubali sawasawa, mradi fundi akumbuke kuhesabu nafasi baina ya matundu na si matundu yenyewe, kwani pau la nafasi tatu lina matundu manne. Wanaoanza hukosea hapo karibu wote, kisha huilaumu plastiki.

Hata hivyo kila pini huacha mwanya mdogo, na myanya hujumlika: nyonga, goti, kifundo na unyayo, kila kimoja kikilegea kwa upana wa unywele, mwili ulio juu huyumba kwa upana wa kidole. Tena plastiki yenyewe, ikibebeshwa mzigo ule ule mchana na usiku, hujongea polepole sana na kupinda, na haimrudii mtu kama ilivyokuwa. Ndiyo sababu mafundi wenye uzoefu huupitisha mhimili mmoja mrefu kutoka nyonga hadi nyonga, na kuujenga uti wa mgongo wa mapau manne yaliyofungwa pamoja katikati ya mwili, kisha kuta zote, na dari, na viti vya askari, vikaning'inia juu ya uti huo bila ya kubeba kitu. Ganda la nje likibeba mzigo, litaachana, likibebwa, litadumu. Ni mpango wa mataruma ya jahazi, ambayo mwenye kusifu rangi ya ubavu hayaoni.

Ganda nalo lina hila zake, japo si nzito kama za miguu. Mbavu za mtambo si wima, zimelala kidogo, na uso wake umejaa mistari na visanduku na mabomba. Tofali la kawaida, lenye vinundu juu, haliwezi kuuonyesha uso huo. Basi fundi huyalaza matofali ubavu, vinundu vikaangalia nje, akavifunika kwa vigae laini. Kinachomwezesha ni sadfa njema ya vipimo: mabamba matano yaliyopangwa juu kwa juu hufanya milimita 16, na vinundu viwili hufanya milimita 16 hizo hizo, kwa hiyo ukuta uliolazwa na ukuta uliosimama hukutana bila ya ufa. Mtu akikishika kipimo hicho kimoja kichwani, nusu ya siri za wajenzi wakubwa ameipata. Kipande kizima cha ubavu hutundikwa kwa vibanio viwili vitatu tu, kikaegemea kwa pembe inayotakiwa, na hutoka chote kwa pamoja mtu akitaka kuonyesha ndani.

Rangi ni balaa nyingine kwa wanaokusanya vipande vya zamani. Mwaka 2004 kampuni ilibadili kijivu chake: kile cha awali kilielekea kidogo kwenye umanjano, hiki cha sasa chaelekea kwenye ubuluu. Kipande kimoja kimoja mkononi hakitofautiki sana, lakini vikikaa pamoja katika ubavu wa mtambo huonekana kama viraka katika kanzu. Na jua la dirishani huongeza lake, kwa maana plastiki hii hugeuka manjano ikikaa juani. Wapo wanaosema viraka hivyo huufanya mtambo uonekane umepigana vita vingi. Ni udhuru mzuri, lakini ni udhuru.

Je, waweza kutembea? Swali hili huulizwa na kila mtoto, na ni swali la haki. Mrusi Pafnuty Chebyshev, mwanahisabati mkubwa, alionyesha Paris mwaka 1878 mtambo wa miguu minne uliogeuza mzunguko wa gurudumu kuwa mwendo wa unyayo, ambao husogea karibu katika mstari ulionyooka unapokuwa chini, kisha huinuka na kurudi mbele. Na viungo vya namna hiyo, fimbo na mikono ya kuzungusha, ndivyo vinavyotumiwa na wajenzi wa mifano mpaka leo. LEGO ilitoa mwaka 2007 mtambo wenye mota na betri, vipande 1,137, ambao kweli ulikwenda mbele na nyuma juu ya sakafu laini. Lakini mguu mmoja ukiinuka, kitovu cha uzani sharti kiwe ndani ya pembetatu ya mitatu iliyobaki, na mtambo huu una kichwa kizito kilichojitokeza mbele juu ya shingo. Hivyo ama nyayo ziwe pana, ama betri ziwekwe nyuma kusawazisha, ama hatua iwe fupi ya kujikokota. Hukumu yangu ni kwamba kwa kimo cha nusu mita na kupita, mfano uchague moja: ama usimame kwa fahari, ama utembee kwa aibu. Walioyataka yote mawili hutumia miaka, na wachache hufanikiwa.

Vipande hupatikanaje? Mfano wa dukani wa 2021 uliuzwa Marekani kwa dola 800 kasoro senti moja ulipotoka, fedha ambazo katika nchi nyingi mtu huziwekea kikao cha aila kabla ya kuzitoa. Mwenye kujitungia huenda sokoni kwa njia ya intaneti. Soko kubwa ni BrickLink, lililoanzishwa mwaka 2000 na Dan Jezek na kununuliwa na LEGO yenyewe mwaka 2019, ambako watu binafsi huuza kipande kimoja kimoja, kipya au kilichotumika. Kabla ya kununua, fundi huchora mfano mzima katika kompyuta. Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 1995 na kijana wa Australia, James Jessiman, aliyetunga programu ya LDraw na kuitoa bure, akafariki miaka miwili baadaye, na kazi yake ikaendelezwa na wengine hadi leo. Manufaa yake ni makubwa, maana programu za namna hiyo huhesabu vipande, na baadhi yake huonya palipokosekana kiungo. Walakini kwenye kioo cha kompyuta ndovu hachoki. Hapana programu itakayomwambia fundi jinsi goti lake litakavyokuwa baada ya miezi miwili ya kusimama juu ya kabati.

Kwa hiyo msomaji anayetamani kazi hii asianze na kichwa, ijapokuwa kichwa ndicho kitamu, chenye mizinga na dirisha jekundu. Na aunde mguu mmoja tu, kamili, kutoka nyonga hadi unyayo, aukunje goti kwa pembe anayoitaka, kisha aubebeshe mfuko wa mchele wa kilo 2 na kuweka rula kando yake, auache usiku kucha. Asubuhi goti likiwa limeshuka zaidi ya milimita moja, auvunje mguu huo na kuuanza upya, kabla hajanunua hata kipande kimoja cha mwili.